Kumfuga Kitatange Mdogo katika Nyumba ya Mji Mkongwe

Mtu aliyezaliwa Unguja, akakua akiiona bahari ikijaa na kupwa mbele ya Forodhani, ni mwepesi wa kudhani kwamba kumweka samaki wa maji chumvi ndani ya nyumba ni kazi isiyohitaji elimu, madhali maji yapo hatua chache kutoka mlangoni na samaki wamo ndani ya maji hayo hayo. Dhana hiyo naiona kuwa ndiyo adui wa kwanza wa samaki wa majumbani hapa kwetu. Anayekaa Ulaya, mbali na kila mwamba wa matumbawe, hulazimika kununua chumvi, kupima na kusoma kabla hajathubutu kumleta samaki. Sisi, kwa kuwa ni majirani wa bahari, huanza na samaki, kisha tukayatafuta maarifa baada ya samaki kuanza kuhema juu ya maji. Makala haya yamekusudiwa kuugeuza utaratibu huo, na mfano nitakaoushika ni wa samaki mmoja, kitatange mdogo, kwa kuwa ni wa kwetu, ana sura njema na akili ya kutambua, na akitunzwa kwa insafu huweza kukaa na mwenyeji wake miaka mingi.

Katika jamii ya vitatange wako wakubwa ambao urefu wao hukaribia dhiraa, nao hawafai kabisa kufungwa ndani ya nyumba ya mtu. Wako pia wadogo, na miongoni mwa hao, wawili wapo katika maji yetu. Wa kwanza ana rangi ya kahawia iliyoiva, na ubavuni mistari myembamba ya wima iliyokolea zaidi, baka jeusi nyuma ya shavu, na ukingo wa buluu unaong'aa kwenye mapezi ya chini. Hazidi sentimita 14. Huyu ana haki ya kuitwa mwenyeji wa Unguja hata katika vitabu vya wataalamu, kwa sababu aliyemwandika kwanza ni Robert Lambert Playfair, balozi mdogo wa Uingereza aliyekaa hapa katika miaka ya 1860, zama za Sultani Majid bin Said, ambaye kwa kushirikiana na Albert Günther wa makumbusho ya London alitoa kitabu kizima juu ya samaki wa Zanzibar. Wataalamu humwita leo Centropyge multispinis. Wa pili, Centropyge acanthops, aliyeandikwa mwaka 1922, ni mdogo zaidi, wa sentimita 8 hivi: kichwa na mgongo wake ni rangi ya machungwa, ubavu wake buluu, na mkia manjano hafifu. Wote wawili utawajua kwa mwiba ulio chini ya shavu, ambao kipepeo wa baharini, ingawa amefanana nao kwa umbo, hana. Uzingatie mwiba huo, kwani nitaurejea.

Kabla ya kununua hata kipande cha kioo, nakushauri ukamtazame kitatange akiwa kwao. Miamba ya Bawe na Changuu iko karibu na mji, na kwa mwenye uwezo ipo Chumbe, ambako mwamba wa upande wa magharibi ulitangazwa mwaka 1994 kuwa hifadhi isiyovuliwa kitu. Vaa miwani ya kuzamia, elea kimya bila kupigapiga miguu, nawe utaona mambo ambayo hapana muuzaji atakayekueleza. Utaona kwamba kitatange mdogo haachani na tundu lake. Kila atokapo huliweka nyuma yake, na kivuli kikipita hutoweka kabla hujapepesa jicho. Utaona kadhalika kwamba hali kwa nyakati, bali hudonoa mchana kutwa, huku kwenye ukungu wa kijani unaoota juu ya jiwe, kule kwenye taka laini iliyotua ufani, na mara mojamoja kwenye sifongo. Na ukisubiri zaidi utatambua kwamba eneo lile lina bwana mmoja na wake wachache, naye huwazungukia na kumfukuza kila mgeni wa umbo lake. Yote yatakayosemwa hapa chini juu ya ukubwa wa hodhi, mawe, chakula na wenziwe yametokana na tabia hizo tatu: kujificha, kudonoa na kulinda himaya.

Sasa tuingie nyumbani. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake ni nene, na sakafu za ghorofa zake zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba. Ukuta mnene ni rehema kwa mfuga samaki, maana huzuia joto la mchana lisiingie upesi. Boriti zina hukumu nyingine. Hodhi la kioo la lita 200, ambalo ndicho kipimo cha chini ninachokipendekeza kwa kitatange wa kahawia, lina kilo 200 za maji peke yake, na ukiongeza kioo, mchanga, mawe na meza yake utafika kilo 300 au kupita. Nao ni mzigo usioondoka usiku wala mchana, juu ya mbao za mikoko ambazo huenda zimekwisha kuliwa na mchwa au kuoza kwa mvuja wa miaka na mikaka. Mji huu, ulioingizwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, ulishuhudia tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ikiporomoka, na hapana mwenyeji asiyejua kwamba nyumba zetu nyingi zimechoka. Kwa hiyo hodhi liwekwe chini, juu ya sakafu iliyolala ardhini. Asiye na chumba ila cha ghorofani amwite kwanza fundi anayezijua nyumba hizi akazikague boriti kwa macho na kwa nyundo, na akipewa ruhusa aliweke hodhi kando ya ukuta unaopokea vichwa vya boriti, likizikingama nyingi kwa pamoja, wala asiliweke katikati ya chumba hata kidogo.

Acha pia nafasi ya shubiri moja baina ya hodhi na ukuta. Maji chumvi yakirashia kwenye chokaa hupenya ndani, yakakauka, na chumvi iliyobaki huganda ikabandua lipu vipande vipande. Nimeona kuta zilizodumu tangu enzi za masultani zikiharibiwa na uzembe mdogo wa namna hiyo, na moyo huuma. Jua la dirishani lisilipige hodhi moja kwa moja, wala hodhi lisiwekwe uani.

Katika habari ya maji nitakawia, kwani hapo ndipo ujirani wetu na bahari unapotuhadaa. Maji ya mbele ya mji si ya kufugia. Kuanzia Malindi hadi Shangani pana bandari na mafuta ya vyombo, na maji machafu ya mji yamezoea kumiminiwa baharini bila kusafishwa. Samaki wa mwambani hawezi kustahimili hayo ndani ya hodhi ambamo hapana mkondo wa kuyachukua. Yafuate maji mahali panapotazamana na bahari kuu, au mpe nahodha aendaye nje ya Bawe madumu yako akujazie. Wakati uliofaa ni bamvua, maji yanapokaribia kujaa, kwa sababu ndipo maji mapya ya bahari kuu yanapokuwa yamesukumwa karibu. Katika masika usichote baada ya mvua kubwa, maana maji ya juu huwa yamechanganyika na maji ya mvua na tope la nchi kavu, hata yakapungua chumvi kwa kiasi cha kumdhuru samaki. Subiri siku kadhaa za jua. Madumu yawe ya plastiki, yasiyowahi kutiwa mafuta wala dawa. Maji yakifika nyumbani, yachuje kwa kitambaa kizito, uyafunike gizani kwa wiki moja au mbili huku ukiyapulizia hewa kwa pampu ndogo, ili vijidudu vilivyomo vife na uchafu utue, ndipo uyamimine polepole bila kutibua masimbi.

Nunua haidromita. Maji ya bahari kuu yana chumvi ya takriban gramu 35 kwa kila kilo, nayo kwenye haidromita yataonyesha baina ya 1.024 na 1.026. Kipimo hicho kitapanda kila siku bila wewe kutia chumvi, kwani maji hupaa lakini chumvi haipai. Basi kinachopungua kifidiwe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, wala si kwa maji ya bahari. Watu wengi huteleza hapa, wakaongeza maji ya bahari kila yanaposhuka, na baada ya miezi michache samaki anaishi ndani ya brini bila wao kujua. Maji ya mfereji yana dawa ya klorini na chokaa nyingi. Maji ya mvua ni bora, ila yaachie manyunyu ya mwanzo yasafishe kwanza mabati, ndipo ukinge.

Mawe ndiyo nyumba ya kitatange, na hapa pana jambo la dhamiri na la sheria. Usiyang'oe matumbawe hai wala mawe ya mwambani. Biashara ya matumbawe magumu baina ya nchi imewekewa udhibiti wa kimataifa, na mwamba wetu umekwisha kupata mitihani ya kutosha katika joto la mwaka 1998 na la mwaka 2016, ambapo matumbawe mengi yalipauka na kufa. Unguja yenyewe imekaa juu ya jiwe la tumbawe la kale, lenye matundu mengi, ambalo mafundi hulijengea. Chagua vipande vyepesi vyenye tundu ndani ya tundu, visugue, uvitie katika pipa la maji chumvi kwa wiki kadhaa ukiyabadilisha maji mpaka yasiwe na harufu wala rangi. Kisha uvipange ndani ya hodhi kwa namna ya pango, jiwe likishikamana na jiwe bila kutikisika, na mapito yanayotokea upande wa pili, maana kitatange akiingia tundu lisilo na mlango wa pili hujiona amenaswa.

Pampu zikianza kuzungusha maji, kazi yako ya kwanza ni kungoja. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huzaa amonia, ambayo ni sumu kali. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa naitraiti, nayo pia ni sumu, na bakteria wa aina nyingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huistahimili ikiwa kidogo. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujaa ndani ya mawe na mchanga. Tia kipande kidogo cha kamba kioze ili wapate riziki, upime kila baada ya siku chache, na usimlete samaki yeyote mpaka amonia na naitraiti zote mbili zisome sifuri. Na hata hapo, kwa kitatange bado. Yeye ahitaji jiwe lililokwisha kuota ukungu wa kijani na wa kahawia, na hilo hutaka miezi mingine miwili au mitatu. Mawe yakiwa meupe kama yalivyotoka machimboni, atazunguka akidonoa asipate kitu, na tumbo lake litaingia ndani hata ukimtupia chakula mara ngapi. Kioo cha mbele kisugue upendavyo. Cha nyuma kiachie kiote, kiwe shamba lake.

Joto na umeme ni mambo mawili yanayokwenda sambamba. Bahari yetu huwa karibu na digrii 25 wakati wa kusi, na katika kaskazi hufika 29 au 30. Hodhi ndani ya chumba kilichofungwa huweza kupita hapo, na kadiri maji yanavyopata moto ndivyo hewa ndani yake inavyopungua. Hatuhitaji chombo cha kupashia maji kama wenzetu wa nchi za baridi. Tunahitaji feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji, ambayo huweza kushusha digrii moja au mbili, kipimajoto kinachosomwa kila adhuhuri, na mfuniko wa wavu badala ya kioo. Ama umeme, Unguja huupokea kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na wakazi wa kisiwa hawajasahau giza la takriban mwezi mzima la mwaka 2008, wala lile la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009. Hata bila misiba mikubwa ya namna hiyo, saa chache za kukatika umeme usiku wa joto zatosha kumfisha samaki. Uwe na pampu ya hewa inayotumia betri, ijaribiwe kila mwezi. Umeme ukikatika, usimlishe mpaka urudi; na kama betri imekwisha, teka maji kwa kata na kuyamimina kutoka juu, dakika chache kila nusu saa. Kichujio kilichofungwa ndani ya mkebe, kikisimama saa nyingi, bakteria wake hufa na maji yaliyomo huharibika. Kifungue ukioshe kabla ya kukiwasha tena, ama sivyo utakuwa umemmiminia samaki sumu kwa mkono wako.

Hayo yote yakitimia, ndipo tumzungumzie samaki mwenyewe. Uliza kwanza idara ya uvuvi ni wapi paruhusiwapo kuvua na kwa idhini gani, na ujue kwamba Chumbe hapana la kuuliza. Usimnunue aliyevuliwa kwa utupa au sumu nyingine, hata akiwa rahisi, kwani sumu hiyo huua viumbe wengi wasiohesabika pale mwambani na huweza kumwachia samaki madhara ya ndani, akala vizuri wiki mbili kisha akafa bila sababu ya dhahiri. Avuliwe kwa wavu mdogo wa mkono, na mzamiaji ampandishe polepole ili kibofu chake cha hewa kisivimbe. Hapa ndipo mwiba wa shavu unapokuwa na maana: ukinasa kwenye matundu ya wavu, na mtu akauvuta kwa pupa, shavu huchanika. Kumhamisha kutoka chombo hadi chombo tumia kikombe kikubwa cha plastiki, umwongoze aingie mwenyewe. Aliye mzima hukutazama, hugeuza macho kufuata kidole chako, mgongo wake umejaa, na anadonoa hata ndani ya ndoo. Mwenye kuhema mbio, au aliyelala pembeni na mapezi yaliyobanwa, mwache alipo kwa huruma zako zote.

Asiingie moja kwa moja katika hodhi kuu. Muweke peke yake kwa wiki nne katika hodhi dogo lenye bomba pana la kujifichia, umchunguze kama ana vitone vyeupe, ambavyo ni ugonjwa mwepesi wa kuambukiza na mzito wa kuondoa. Dawa yake mashuhuri ni shaba, lakini vitatange wadogo huidhurika upesi kuliko samaki wengi. Usimtilie bila kipimo cha shaba ulichonacho mkononi, na kamwe usiitie katika hodhi lenye mawe, kwani jiwe la tumbawe huifyonza. Siku ya kumhamisha iwe jioni, taa zimezimwa, na maji ya hodhi yakimdondokea kidogo kidogo ndani ya ndoo yake kwa muda wa saa moja. Kisha ondoka chumbani. Huenda usimwone siku mbili tatu, na katika siku hizo kusogeza mawe ili kumtafuta ni dhuluma.

Chakula chake kiwe kidogo na cha mara nyingi, mara tatu kwa siku ikiwezekana, kiasi anachokimaliza kwa dakika mbili. Msingi uwe mboga ya baharini: ule mwani laini wa kijani, mwembamba kama karatasi, uotao juu ya mawe ya pwani safi, ukaoshwa na kubanwa chini karibu na tundu lake. Mwani wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani tangu mwaka 1989 ni mgumu kwa kinywa chake kidogo, ingawa waweza kusagwa ukachanganywa. Juu ya huo ongeza uduvi wabichi, au ngisi na chaza waliokatwa vipande vidogo mno. Mkate, wali na nyama ya ng'ombe visikaribie. Na kwa kuwa mabaki ya chakula huchafua maji, kila wiki mbili toa sehemu moja katika kumi ya maji na kuweka mapya uliyoyahifadhi.

Katika wenziwe, kitatange awe wa mwisho kuingia, la sivyo atahesabu hodhi zima kuwa milki yake na kuwatesa wanaokuja baadaye. Chewa atammeza na kikande atamng'ata. Wote wawili wasiwemo. Madume wawili wa aina moja hawatapatana kamwe. Anayetaka jozi ana njia, kwa kuwa samaki hawa wote huanza maisha wakiwa majike, na aliye mkubwa kuliko wenziwe ndiye hugeuka kuwa dume: watafute wawili wadogo, mmoja akimzidi mwenziwe kwa umbo waziwazi, uwatie kwa pamoja siku moja katika hodhi la lita 300 au zaidi. Mkipatana vyema nyumbani mwenu, wao na wewe, huenda magharibi moja, taa zinapofifia, ukawaona wakipanda juu ya maji pamoja na kutaga. Mayai hayatapona katika hodhi la kawaida, na hilo lisikusikitishe.

Limebaki suala la safari. Siku za Idd watu hwenda shamba, na sikukuu ya Mwaka Kogwa huwavuta wengine Makunduchi, na hodhi hubaki na jirani. Kitatange aliyeshiba huweza kukaa siku tatu akidonoa mawe yake, basi kwa safari fupi usimwachie mtu chakula. Kwa safari ndefu, funga sehemu ya kila siku katika kijikaratasi chake, uviandike siku, uvipange ndani ya friji. Mwonyeshe jirani alama ya maji kwenye kioo, dumu la maji baridi la kufidia na pampu ya betri ilipo. Kisha umwombe kwa heshima zote kwamba watoto wakimwona samaki akija mbele ya kioo na kuwatazama kwa macho ya kuomba, wasiguse karatasi ya kesho.